Wakorea wa Ushtobe na Lugha ya Bibi Zao

Reli itokayo Siberia kwenda Almaty, mji mkubwa kuliko yote katika Kazakistani, hupita katika nyika pana yenye miti michache. Wakati wa kiangazi nyika hiyo huunguzwa na jua, na wakati wa baridi hufunikwa na theluji. Kandokando ya reli hiyo, karibu na mto Karatal, ipo stesheni ya mji mdogo uitwao Ushtobe. Kwa lugha ya Kikazakhi jina hilo maana yake ni "vilima vitatu". Mji wenyewe hauna majumba marefu wala mambo ya kumshangaza mgeni. Una nyumba za chini zenye bustani, una soko na shule, na nje yake yamo mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa maji ya mto.

Jambo la kushangaza lipo kwa watu wake. Katika mji huu, ulio maelfu ya kilomita kutoka bahari ya Pasifiki, wamo wakazi wengi wa asili ya Korea. Sokoni kina mama wao huuza kachumbari za Kikorea, lakini bei huitaja kwa Kirusi. Wale waliokula chumvi nyingi, wakikutana wao kwa wao, husemezana kwa lugha wanayoiita Koryo-mar, yaani lugha ya Koryo. Watoto wao huielewa nusunusu. Wajukuu wao, isipokuwa wachache, hawaielewi kabisa.

Koryo lilikuwa jina la ufalme wa kale wa Korea, nao watu hawa hujiita Koryo-saram, watu wa Koryo. Idadi yao katika nchi zilizokuwa zamani katika Muungano wa Kisovieti hukadiriwa kuwa karibu nusu milioni, na walio wengi wanaishi Uzibekistani, Urusi na Kazakistani. Lugha yao ni lahaja ya Kikorea. Lahaja hiyo imepita katika njaa, vita na uhamisho wa nguvu bila kufa, na sasa inakaribia kutoweka katika siku za amani.

KUVUKA MTO TUMEN

Asili ya watu hawa ni mkoa wa Hamgyong, kaskazini kabisa ya Korea, mahali ambapo mto Tumen hugawa mpaka. Nchi hiyo ni ya milima na baridi kali, na ardhi ifaayo kwa kilimo ni haba. Mnamo miaka ya 1863 na 1864 jamaa za kwanza zilivuka mto huo na kuingia Urusi, zikalima karibu na ghuba ya Posyet. Mwaka 1869 njaa kubwa iliikumba Hamgyong, na maelfu ya watu wakavuka. Baada ya Japani kuitwaa Korea mwaka 1910, waliwafuata wakimbizi wa siasa na wapigania uhuru.

Hivyo lugha iliyovuka mto haikuwa ile ya wakuu wa Seoul. Ilikuwa lugha ya wakulima wa mpakani, na Warusi waliisikia mapema. Mwaka 1874 ofisa wa Kirusi aitwaye Mikhail Putsillo alichapisha kamusi ya Kirusi na Kikorea mjini St. Petersburg. Mwaka 1904 vilichapishwa mjini Kazan vitabu vya kuwafundishia watoto wa Kikorea, na ndani yake maneno ya Kikorea yaliandikwa kwa herufi za Kirusi. Leo vitabu hivyo ni hazina kwa wataalamu wa lugha, kwa kuwa vinaonyesha jinsi wakulima hao walivyotamka maneno yao zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kufikia miaka ya 1930 Wakorea wa mashariki ya Urusi walikuwa wamejijengea maisha kamili. Walikuwa na shule zilizofundisha kwa Kikorea, na chuo cha ualimu mjini Vladivostok. Gazeti lao, Sonbong, lilianzishwa mwaka 1923, na jumba lao la michezo ya kuigiza mwaka 1932. Mtoto aliweza kuanza darasa la kwanza na kumaliza kuwa mwalimu bila kuiacha lugha ya mama yake.

MABEHEWA YA MWAKA 1937

Tarehe 21 Agosti, 1937, serikali ya Stalin ilitoa amri kwamba Wakorea wote waondolewe katika eneo la mpaka wa mashariki. Sababu iliyotajwa ilikuwa kuzuia ujasusi wa Japani, ingawa wengi wa watu hao walikuwa wameikimbia Japani hiyohiyo. Viongozi na wasomi wao wengi walikamatwa. Mwandishi Cho Myung-hee, aliyehesabiwa kuwa baba wa fasihi ya Wakorea wa nchi hiyo, alikamatwa mwaka huo na kuuawa mwaka uliofuata.

Watu karibu 172,000 walipakiwa katika mabehewa ya mizigo na ya mifugo. Magari ya moshi 124 yaliwavusha Siberia yote, safari ya zaidi ya kilomita 6,000 iliyochukua takriban mwezi mzima. Wazee na watoto wachanga walikufa njiani. Waliosalia walishushwa katika nyika za Kazakistani na Uzibekistani, wakati majira ya baridi yanabisha hodi.

Ushtobe ilikuwa mojawapo ya stesheni za mwanzo walikoshushwa. Nje ya mji kipo kilima kiitwacho Bastobe, na chini yake lipo jiwe la kumbukumbu. Jiwe hilo laeleza kwamba mahali hapo Wakorea waliohamishwa kutoka mashariki waliishi katika mashimo waliyoyachimba ardhini, tangu tarehe 9 Oktoba, 1937 hadi tarehe 10 Aprili, 1938. Hapakuwa na mbao wala matofali, basi walichimba ardhi, wakaezeka kwa matete, wakajificha humo na upepo wa nyika. Wakazakhi waliokuwa jirani, ambao wenyewe walikuwa wametoka karibuni katika njaa kubwa ya miaka ya mwanzo ya 1930, waliwagawia mkate. Wema huo haukusahauliwa, maana hapo Bastobe lipo pia jiwe la kuwashukuru watu wa Kazakistani.

Majira ya baridi yalipokwisha, walitoka mashimoni wakachimba mifereji kutoka mto Karatal na kupanda mpunga. Katika miaka michache jangwa lilianza kutoa chakula. Huko Uzibekistani, karibu na Tashkent, shamba la ushirika liitwalo Nyota ya Kaskazini lilisifika nchi nzima chini ya mwenyekiti wake Mkorea, Kim Pen Hwa, ambaye alitunukiwa mara mbili nishani ya Shujaa wa Kazi ya Kijamaa.

LAKINI SHULE ZILIFUNGWA

Watu walipata kulima, ila lugha yao haikupata pa kukaa. Mwaka 1938 shule za Kikorea ziligeuzwa kuwa shule za Kirusi. Chuo cha ualimu, kilichokuwa kimehamishiwa mji wa Kyzylorda, nacho kiligeuzwa kuwa cha Kirusi. Yalibakia mambo mawili tu ya kitaifa. La kwanza ni gazeti, lililoanza upya Kyzylorda mwaka 1938 kwa jina la Lenin Kichi, maana yake Bendera ya Lenin. La pili ni jumba la michezo, lililokaa Kyzylorda na kisha Ushtobe, kabla ya kuhamia Almaty mwaka 1968. Mlinzi mmoja wa jumba hilo alikuwa Hong Beom-do, jenerali aliyepata kuwashinda Wajapani vitani mwaka 1920. Alifariki Kyzylorda mwaka 1943, na mabaki yake yalirejeshwa Korea ya Kusini mwaka 2021.

Yafaa ieleweke kwamba gazeti na jumba la michezo vilitumia Kikorea sanifu, kile cha vitabuni. Koryo-mar yenyewe haikupata kuwa lugha ya kuandikwa. Ilikuwa lugha ya jikoni, ya shambani na ya kumbembelezea mtoto. Kwa hiyo ulinzi wake wote ulikuwa mikononi mwa kina mama na kina bibi, na mtoto aliporudi shuleni na Kirusi chake, ni wao waliojibu kwa Koryo-mar.

MANENO YANAYOSIMULIA SAFARI

Mtu aisikilizaye lahaja hii kwa makini huweza kusoma ndani yake historia yote ya wenyewe. Kwanza ni jina lake. Mjini Seoul lugha huitwa "mal", bali Ushtobe hutamkwa "mar". Kadhalika, Wakorea wa Seoul wamepoteza ule mpando na mshuko wa sauti uliotofautisha maneno katika Kikorea cha kale, ambao vitabu vya karne ya 15 viliuonyesha kwa nukta kando ya herufi. Watu wa Hamgyong hawakuupoteza, nao waliuchukua hadi nyikani. Hata baadhi ya maneno ambayo Seoul siku hizi huyaanza kwa sauti ya "ch", wazee wa lahaja ya mpakani huyaanza kwa "t", kama yalivyoandikwa zamani. Kwa hiyo, mtu anayeidhani Koryo-mar kuwa ni Kikorea kilichoharibika amekosea. Katika mambo kadhaa ndiyo iliyohifadhi ukale.

Gari la moshi, Seoul huliita "kicha", neno lenye asili ya Kichina. Koryo-saram huliita "pulsulgi", yaani gari la moto. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Wakulima waliokuwa wakijua mkokoteni wa ng'ombe waliuona mkokoteni mwingine unaokwenda kwa moto, wakaupa jina kwa maneno yao wenyewe. Na ni katika pulsulgi hizo ndimo walimopakiwa mwaka 1937.

Kibiriti nacho huitwa "pijikke", neno lililotokana na Kirusi "spichki", lililozoeleka kwao tangu siku za mpakani. Majina ya koo pia yamegeuka. Karani wa Kirusi alipouliza jina la ukoo, Mkorea alijibu kwa desturi ya kwao kwa kuongeza kiambishi chenye maana ya "ukoo", na karani akaandika vyote kama alivyosikia. Ndiyo sababu ukoo wa Yu umekuwa Yugai, wa No umekuwa Nogai, na wa Ho umekuwa Khegai. Majina hayo hayapatikani Seoul, na kwayo Mkoryo-saram hutambulika popote.

JIKONI

Huko Korea chakula kisichokosekana mezani ni kabichi ndefu iliyochachushwa kwa chumvi na pilipili, ambayo Seoul huiita "kimchi" na Koryo-saram huiita "chimchi". Katika nchi walikohamishiwa, kabichi ya namna hiyo ilikuwa adimu. Kilichopatikana kwa wingi kilikuwa karoti. Basi kina mama wakachukua karoti, wakazikata nyembamba na ndefu kama njiti, wakatia chumvi na siki, wakaongeza kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili nyekundu na mbegu za giligilani zilizosagwa. Kisha wakamimina juu yake mafuta yaliyochemka, wakachanganya na kuacha vikolee kwa saa kadhaa.

Kachumbari hiyo huitwa "morkovcha". Nusu ya kwanza ya jina ni Kirusi, "morkov", maana yake karoti. Nusu ya pili ni Kikorea, na hutumika kwa vyakula vya mboga zilizokatwa nyembamba. Leo morkovcha huliwa na Warusi, Wakazakhi na Wauzibeki, na huuzwa katika masoko ya Moscow na Tashkent kwa jina la "karoti za Kikorea". Lakini Mkorea wa Seoul hakukijua chakula hicho mpaka Koryo-saram walipokipeleka.

Pamoja na morkovcha zipo "kuksi", yaani tambi zinazoliwa katika mchuzi baridi, ambazo Seoul huitwa "kuksu". Ipo pia sherehe ya mtoto kutimiza mwaka mmoja, na ile ya mzee kutimiza miaka sitini. Mambo haya hayajapotea. Kijana wa Ushtobe asiyeweza kutunga sentensi moja ya Koryo-mar huyajua majina yote ya vyakula vya bibi yake. Lugha imemtoka mdomoni, na kilichobaki ni majina ya vitu vilivyomo sahanini.

MAENDELEO YALIVYOIDHOOFISHA

Baada ya Stalin kufariki mwaka 1953, Wakorea waliruhusiwa kutoka katika maeneo waliyofungiwa. Waliipokea nafasi hiyo kwa bidii. Wazazi waliolima mpunga waliwapeleka watoto wao vyuo vikuu, wakawa madaktari, wahandisi na walimu. Wengine walijiunga katika vikundi vya kukodi mashamba ya vitunguu na matikiti maji katika sehemu za mbali, kazi iitwayo "kobonji", wakiishi miezi mingi kati ya Warusi na watu wa mataifa mengine. Kote huko mlango wa elimu na wa riziki ulifunguliwa kwa ufunguo mmoja, nao ni Kirusi.

Hesabu za watu zaonyesha mwendo huo. Mwaka 1959 karibu Wakorea wanane katika kila kumi walisema kwamba Kikorea ndiyo lugha yao ya asili. Mwaka 1989 waliosema hivyo walikuwa nusu tu, na wengi wao walikuwa watu wazima. Mwimbaji mashuhuri Viktor Tsoi, aliyezaliwa Leningrad mwaka 1962 na ambaye baba yake alitoka katika ukoo wa Wakorea wa Kazakistani, aliwasisimua vijana wa nchi nzima, na nyimbo zake zilikuwa za Kirusi. Hapana wa kumlaumu. Kizazi chake kilikuwa tayari kinaota ndoto kwa Kirusi.

Waswahili husema, mwacha asili ni mtumwa. Lakini methali hiyo yataka kutumiwa kwa haki. Mzazi wa Ushtobe aliyemhimiza mwanawe kusema Kirusi alikuwa amekwisha ona kwa macho yake kwamba kuwa Mkorea kulitosha kumpakiza mtu katika behewa la ng'ombe. Alichotafuta kilikuwa usalama wa mtoto.

SEOUL YAINGIA

Mwaka 1990 Muungano wa Kisovieti na Korea ya Kusini zilianzisha uhusiano wa kibalozi, na mwaka 1991 Muungano wenyewe ulivunjika. Vituo vya elimu ya Kikorea vilifunguliwa Almaty na Tashkent kwa msaada wa Korea ya Kusini. Gazeti la Lenin Kichi likawa Koryo Ilbo. Vijana walianza kwa hamu kujifunza lugha ya babu zao, na baadaye filamu na muziki wa Seoul vikaongeza hamu hiyo. Makumi ya maelfu wamekwenda Korea ya Kusini kufanya kazi, hata miji ya Ansan na Gwangju ina mitaa inayojulikana kuwa ni ya Koryo-saram.

Hata hivyo, lugha inayofundishwa darasani ni Kikorea cha Seoul. Mjukuu hufundishwa kwamba bibi huitwa "halmoni", hali bibi yake mwenyewe, kwa Koryo-mar, ni "amae". Hufundishwa "kicha", na bibi asema "pulsulgi". Mtoto arudipo nyumbani na maneno mapya, bibi hufurahi, kisha hunyamaza, akiona kwamba maneno yake hayamo katika kitabu. Na wale waliokwenda Seoul wakitumaini kusikilizana na ndugu zao hukuta kwamba usemi wao waonekana wa kikale na wa kaskazini. Hivyo lahaja hii iliwekwa kando mara mbili, kwanza na lugha ya dola iliyowahamisha, na mara ya pili na lugha ya ndugu waliokuja kuwasaidia.

Si kwamba mafunzo hayo hayana faida. Kijana ajuaye Kikorea sanifu hupata kazi, husoma vitabu, na huweza kuitembelea nchi ya asili yake. Lakini kitu kimoja hakiwezi kupatikana katika kitabu cha Seoul, nacho ni habari za mashimo ya Bastobe kwa maneno ya wale waliolala humo. Bibi aliyeyasikia kwa mama yake aliyasikia kwa Koryo-mar, na akiyasimulia kwa Kirusi huyafupisha.

Kwa sababu hiyo wanaisimu, kama Ross King wa Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, na wenzao wa Korea ya Kusini, wamefanya kazi ya kuichunguza lahaja hii na kuwanasa sauti wazee. Jumba la michezo la Almaty lingali hai, na watazamaji wasiojua Kikorea husikiliza tafsiri ya Kirusi masikioni. Gazeti la Koryo Ilbo lingali linatoka, sehemu kubwa kwa Kirusi. Juhudi hizi zitaihifadhi lahaja kama kumbukumbu. Kuihifadhi kama lugha ya kusema ni kazi ya nyumbani, na hiyo hufanyika pale bibi asemapo na mjukuu akajibu.

Kila mwaka, tarehe 5 Aprili, jamaa za Wakorea huenda makaburini kuwakumbuka wazee wao, na kilima cha Bastobe hujaa watu. Hufagia makaburi, huweka chakula, huinama kwa heshima, kisha huketi na kula pamoja. Makaburi ya zamani yana maandishi ya Kikorea, na yale ya karibuni yameandikwa kwa Kirusi. Vijana husimama mbele ya mawe ya zamani wakawauliza wazee nini kimeandikwa pale. Maadamu wazee wangalipo, jibu hupatikana.